Ukurasa Mmoja Zaidi kwa Mwenye Hospitali Anayetaka Ubunge

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC),
Nairobi.

KUH: WAMILIKI WA HOSPITALI WANAOWANIA VITI BUNGENI

Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Kwa viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kila anapounganishwa hospitali hulipwa shilingi 10,650. Mara mbili kwa wiki ni mara 104 kwa mwaka. Mgonjwa mmoja, basi, ni shilingi 1,107,600. Hospitali ya binafsi yenye wagonjwa 50 wa namna hiyo huidai SHA zaidi ya shilingi milioni 55 kila mwaka kwa huduma hiyo peke yake, kabla hajazaliwa mtoto hata mmoja katika wadi ya akina mama.

Sasa mwenye hospitali hiyo awanie ubunge, na ashinde. Siku moja Kamati ya Afya inakaa na wakuu wa SHA kuzungumzia viwango, na mjumbe mmoja anasema kwa huruma ya kweli kwamba hospitali zinaumia, kiwango cha kusafisha damu kiongezwe shilingi elfu moja. Ni pendekezo zuri. Pengine wagonjwa wenyewe wangelipigia makofi. Lakini elfu moja mara 104, mara wagonjwa 50, ni shilingi 5,200,000 kwa mwaka zinazoelekea mfukoni mwa mtu aliyeketi kwenye meza hiyohiyo.

Katiba ya Kenya ya 2010 ililiona jambo hili mapema. Kifungu cha 122(3) kinamkataza mbunge kupiga kura katika suala lolote ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Ni sentensi moja fupi, haina mikia. Shida yake ni kwamba inamtegemea mtu mmoja tu aitekeleze, naye ni yuleyule mwenye maslahi. Spika hajui mbunge anamiliki mashine ngapi, wala mwandishi wa habari kule juu kwenye roshani ya Bunge. Mpiga kura aliyemtuma huko ndiye anayejua kidogo kuliko wote.

Barua hii inaandikwa kwa Tume kwa sababu Tume ndiyo yenye fomu. Kila anayetaka kuwania kiti hujaza fomu ya kujitangaza chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, na fomu hiyo huishia mikononi mwa Tume. Ombi la mwandishi wa barua hii ni kwamba fomu hiyo iongezwe ukurasa mmoja. Kabla ya kuufikia ukurasa huo, kuna mambo ambayo inafaa yasemwe wazi.

La kwanza ni haki ya mwenye hospitali. Wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe, na mwenye hospitali ya binafsi ana haki nyingi za kupewa. Ndiye aliyekwenda kufungua zahanati ya vyumba vitatu kwenye soko ambalo kituo cha serikali cha karibu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ndiye aliyebaki na milango wazi wakati wa mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na tena mwaka 2024 mgomo mwingine ulipochukua karibu miezi miwili. Bima ya taifa inapochelewesha malipo, na imeyachelewesha mara nyingi mno, yeye ndiye anayekopa benki alipe wauguzi mshahara. Chama cha hospitali za binafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kimepiga kelele miaka nenda miaka rudi kuhusu madeni ambayo NHIF, bima ya taifa iliyoitangulia SHA, iliyaacha ilipofungwa. Bungeni wanahitajika watu wanaojua ladha ya deni hilo. Wakili hawezi kueleza jinsi dai linavyokataliwa kwenye mtandao wa SHA saa tano usiku huku mgonjwa yuko mezani. Mwenye hospitali anaweza, tena bila karatasi.

Kwa hiyo wasiambiwe wasiwanie. Mwalimu anawania, mfugaji anawania, mwenye matatu anawania, na kwa sheria za Kenya hata mtu ambaye hajawahi kuajiri mfanyakazi mmoja anaruhusiwa kuahidi ajira elfu kumi.

Lakini biashara ya afya haifanani na duka la simiti. Muuza simiti ana wateja wengi, na serikali ni mmoja wao tu. Mwenye hospitali ya kiwango cha nne katika mji wa kaunti ana mteja mmoja mkubwa kuliko wote, nao ni mfuko wa bima ya umma. Mfuko huo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 unajazwa na kila Mkenya mwenye payslip kwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. NHIF iliyotangulia, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,700 kwa mwezi. Makato ya sasa hayana kikomo. Pesa zimeongezeka, na hamu ya kuwa karibu nazo imeongezeka nazo.

Halafu kuna leseni. Hospitali husajiliwa na kupewa kiwango chake na Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC. Kiwango ndicho kinachoamua hospitali italipwa kwa huduma zipi: kituo cha kiwango cha pili au cha tatu huhudumiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, ilhali hospitali ya kiwango cha nne kwenda juu hudai kutoka kwa Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, hospitali hulipwa shilingi 10,000, akipasuliwa, 30,000. Kushushwa kiwango kimoja kunaweza kuifunga hospitali ndani ya mwezi mmoja. Wakuu wa KMPDC na wakuu wa SHA ndio hao wanaoitwa mbele ya Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa kuhojiwa, kukaripiwa na kutetea bajeti zao. Afisa aliyemwandikia mheshimiwa barua ya onyo mwezi Februari kuhusu wadi yake isiyo na oksijeni anaweza kujikuta mwezi Machi mbele ya mheshimiwa huyohuyo, akiulizwa kwa nini ofisi yake inastahili fedha. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Na nyani huyo huenda ni mtu mwema kabisa, asiyekusudia kumtisha mtu; afisa atatishika tu.

Kampeni nazo zina utamaduni wake. Mwaka wa uchaguzi unapokaribia, mahema meupe huota kwenye viwanja vya shule Jumamosi asubuhi. Kambi ya matibabu ya bure: shinikizo la damu linapimwa, sukari inapimwa, wazee wanapewa miwani ya kusomea, kina mama wanapimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kando ya meza ya dawa kuna bango lenye picha ya mwenye hospitali, akitabasamu, stethoskopu shingoni hata kama yeye mwenyewe ni mhasibu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpiga kura. Je, kipimo cha sukari ni hongo? Akili ya kawaida inasema si hongo. Akili ileile inajua kwamba mahema hayo hayaonekani katika mwaka ambao hakuna kura.

Bili nazo ni sehemu ya siasa. Hakuna mwanasiasa wa Kenya ambaye hajawahi kupigiwa simu usiku akaombwa asaidie kutoa maiti mochari. Harambee za matibabu zimekuwa bima ya pili ya nchi, na mwaniaji mwenye hospitali ana nguvu ambayo wapinzani wake hawana: wao hutoa pesa kulipa bili, yeye huifuta. Mkono ulioiandika asubuhi ndio unaoifuta jioni mbele ya kamera, na familia hutoka na mgonjwa wao ikiimba. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kufuta deni. Hata hivyo, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Anayemwachilia mtu ambaye tangu mwanzo hakutakiwa kuzuiliwa hajampa zawadi.

Jambo moja la pembeni, lakini lina uzito wake. Wawaniaji wengi wa ubunge, na wenye hospitali wakiwa mstari wa mbele, huahidi kujenga zahanati kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Katiba imeigawa kazi: huduma za afya za mashinani ziko chini ya kaunti, na Sheria ya NG-CDF ya 2015 inauweka mfuko huo kwenye kazi za serikali ya kitaifa. Mbunge hajengi zahanati. Mwaniaji anayeahidi zahanati ama hajaisoma sheria anayotaka kwenda kuitunga, ama zahanati anayoizungumzia ni yake mwenyewe.

Tume inajua vizuri kuliko mwandishi wa barua hii jinsi fedha za bima zilivyoliwa. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya Kenya vilionyesha wazee waliochukuliwa vijijini kwa ahadi ya matibabu ya bure, kisha madai ya gharama kubwa yakapelekwa NHIF kwa majina yao. Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa. SHA ilipoanza, ilisemekana mtandao wa kompyuta ungeziba mianya. Kufikia mwaka 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alikuwa akitangaza orodha moja baada ya nyingine ya vituo vilivyosimamishwa. Mbinu zilizotajwa zilikuwa zilezile za zamani zikiwa zimevaa shati jipya: mgonjwa wa kutwa anaandikwa kama aliyelazwa, uzazi wa kawaida unaandikwa kama upasuaji, mtu asiyekuwepo anatibiwa. Tofauti ya uzazi na upasuaji kwenye karatasi ni shilingi 20,000. Kalamu hufanya kazi hiyo kwa sekunde tatu.

Kusema haya si kusema kwamba kila mwenye hospitali ni mwizi. Wengi wao ndio waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa kila dai la uongo linalolipwa huchelewesha dai la kweli. Mwamba ngoma, hata hivyo, huvutia kwake, na Bunge ndilo linalowamba ngoma hii. Linapitisha bajeti ya SHA, linapokea ripoti za Mkaguzi Mkuu, linaamua nani aitwe na nani asiitwe.

Wapo wanaoweza kudhani kwamba hili ni jambo la kubuni. Kesses inasema vingine. Mwaka 2017 wapiga kura wa eneo hilo la Kaunti ya Uasin Gishu, lenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, walimchagua Swarup Mishra kwa tiketi ya Jubilee. Daktari wa uzazi, mzaliwa wa India, mwanzilishi wa hospitali za Mediheal, alikuwa ameishi Eldoret muda wa kutosha hata akaitwa kwa jina la Kikalenjin, Kiprop arap Chelule. Ushindi wake ulikuwa hadithi nzuri, na ni sawa iitwe hivyo: wapiga kura waliitazama kazi yake na hawakuitazama asili yake. Mwaka 2022 walimchagua mwingine, Julius Rutto wa UDA, na maisha yakaendelea.

Miaka mitatu baadaye jina la hospitali hizo lilirudi magazetini kwa sababu nyingine. Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani, Der Spiegel na DW vikiwemo, vilichapisha uchunguzi uliodai kwamba kulikuwa na biashara ya figo iliyozunguka upandikizaji katika hospitali ya Mediheal ya Eldoret. Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji hapo na kuunda kamati ya kuchunguza. Mishra amekanusha kutenda kosa lolote. Tuhuma ni tuhuma, na barua hii haina mamlaka ya kuzipima; isitoshe, zilitokea gazetini akiwa amekwisha kuondoka Bungeni. Kesses inatajwa hapa kwa sababu nyepesi zaidi. Mwaka 2017, na tena mwaka 2022, hakuna fomu iliyomtaka mwaniaji yeyote mwenye hospitali, yeye au mwingine, awaonyeshe wapiga kura NHIF ilikuwa ikimlipa kiasi gani. Walipiga kura wakijua jina, chama na moyo wa mtu. Hesabu hawakuonyeshwa.

Wapiga kura wa Florida, Marekani, walionyeshwa. Kisa chao kinafaa kusimuliwa polepole.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakili mmoja wa Texas aitwaye Rick Scott, akishirikiana na tajiri Richard Rainwater, alianza na hospitali mbili za El Paso. Kampuni yake, Columbia, ilinunua, ikaungana, ikanunua tena. Mwaka 1994 ikaungana na HCA, na kufikia mwaka 1997 ilikuwa na hospitali zaidi ya 340, kampuni kubwa kuliko zote za hospitali za kibiashara duniani. Mwaka huohuo wapelelezi wa FBI waliingia na hati za upekuzi. Mwezi Julai Scott alijiuzulu, akaondoka na kiinua mgongo cha karibu dola milioni 10 na hisa za thamani ya mamia ya mamilioni. Kampuni baadaye ilikiri makosa 14 ya jinai na kwa jumla ikalipa dola bilioni 1.7, malipo ambayo wakati huo hayakuwa na mfano katika historia ya ulaghai wa bima ya afya Marekani. Miongoni mwa makosa: nimonia ya kawaida iliandikwa kama nimonia ya hatari zaidi ili Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipe zaidi. Msomaji wa Bungoma au Kilifi hahitaji kufasiriwa. Ni uzazi ulioandikwa kama upasuaji, kwa Kiingereza na kwa dola.

Scott mwenyewe hakushtakiwa. Mwaka 2001 alishiriki kuanzisha kampuni nyingine ya kliniki, Solantic, Jacksonville. Mwaka 2010 alitumia zaidi ya dola milioni 70 kuwania ugavana wa Florida, akashinda. Hisa zake za Solantic alizihamishia kwenye amana ya mkewe muda mfupi kabla ya kuapishwa, jambo lililozua maswali kila alipotia saini amri inayogusa afya, hadi zilipouzwa miezi michache baadaye. Mwaka 2018 akawania Seneti ya Marekani dhidi ya Bill Nelson, akatumia tena zaidi ya dola milioni 60 za familia yake, na baada ya kura kuhesabiwa upya alimshinda kwa kura 10,033 kati ya zaidi ya milioni nane. Mwaka 2024 alichaguliwa tena.

Mtu anaweza kusema: basi uwazi umesaidia nini, kama alishinda mara zote? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha barua hii. Wagombea wa Seneti kule hujaza taarifa ya mali inayowekwa hadharani kabla ya kura, ya mke au mume ikiwemo. Wapinzani wa Scott waliirudia hadithi ya dola bilioni 1.7 kwenye matangazo ya televisheni mpaka watu wakaichoka. Wapiga kura wa Florida walijua, wakapima, wakamchagua. Hiyo ni haki yao, hata kama mwandishi wa barua hii angepiga kura tofauti. Fomu ni taa. Haimzuii mtu kuingia shimoni, inamwonyesha shimo lilipo.

Palepale Marekani kuna mfano mwingine, mfupi na mchungu zaidi. Chris Collins, mbunge kutoka New York, alikuwa mjumbe wa bodi ya kampuni ndogo ya dawa ya Australia, Innate Immunotherapeutics, na mmoja wa wenye hisa wakubwa zaidi. Alasiri ya tarehe 22 Juni 2017, akiwa kwenye tafrija ya wabunge katika bustani ya Ikulu ya Marekani, alipata barua pepe kwamba majaribio ya dawa yao yamefeli. Alimpigia mwanawe simu akiwa bado bustanini. Mwana aliuza hisa kabla umma haujajua. Mwaka 2019 Collins alikiri kosa, mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha miezi 26, na Desemba mwaka huo Rais Trump akamsamehe. Waandishi na wachunguzi waliweza kuunganisha nyuzi kwa haraka kwa sababu umiliki wake haukuwa siri. Ulikuwa umeandikwa kwenye taarifa zake.

Kenya ina sheria nzuri, hilo lisikataliwe. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ilitiwa saini na Rais Ruto tarehe 30 Julai 2025 baada ya kuvutana na Bunge kwa muda mrefu, na imeipa Tume meno ambayo ilikuwa ikiyalilia. Lakini sheria hiyo inamkamata afisa wa umma, na mwaniaji si afisa wa umma bado. Inaanza kumuuliza maswali akishaapishwa, wakati aliyepaswa kupata majibu, yaani mpiga kura, amekwisha kutia kidole wino na kurudi shambani. Tangazo la mali la mbunge, kwa miaka mingi, limekuwa karatasi ya kabatini. Nayo Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013 haijatumika katika uchaguzi mkuu hata mmoja tangu ipitishwe.

Ukurasa unaoombwa ni huu. Mwaniaji yeyote ambaye yeye, mwenzi wake wa ndoa au mtoto wake ana hisa katika hospitali, zahanati, maabara, duka la dawa la jumla, chuo cha uuguzi au kampuni inayoiuzia serikali vifaa vya matibabu, aandike jina la biashara, nambari ya usajili wake KMPDC na kiwango chake. Aandike ni kiasi gani ililipwa na NHIF na SHA katika miaka mitatu iliyopita, na ni kiasi gani inadai bado. Aandike kama imewahi kusimamishwa, na kama ilirudishwa, kwa sababu gani. Aandike vilevile jambo moja la mbele: akichaguliwa, atakaa katika Kamati ya Afya au hatakaa, na mashauri gani ataomba kutoyapigia kura kwa mujibu wa Kifungu cha 122(3). Ukurasa huo usifungiwe Integrity Centre, makao makuu ya Tume. Ubandikwe mahali mpiga kura anaweza kuufikia, kwenye tovuti ya Tume na kwenye ubao wa ofisi ya eneo bunge ya tume ya uchaguzi, IEBC.

Pingamizi zitakuja, na baadhi yake zina haki. Mwenye hospitali atasema washindani wake watajua mapato yake. Ni kweli, watajua sehemu yake moja, ile inayotoka kwenye mifuko ya walipa bima. Anacholipwa na wagonjwa wanaotoa pesa taslimu, na kampuni za bima za binafsi, hakuna anayemuuliza. Fedha za SHA ni makato ya mwalimu wa Turkana na dereva wa Likoni, na mwenye pesa haombi ruhusa ya kuuliza pesa yake imekwenda wapi.

Pingamizi jingine litatoka ndani ya Tume yenyewe, nalo ni zito: fomu ya kujitangaza imo katika jedwali la sheria, na jedwali la sheria hubadilishwa na Bunge, yaani na walewale ambao ukurasa huu utawasumbua. Ni kweli tena. Lakini hakuna sheria inayoikataza Tume kuomba. Iutangaze ukurasa huo kama wa hiari, itoe miezi sita, kisha ichapishe orodha mbili za majina: walioujaza, na walioombwa lakini hawakuujaza. Wakenya watajua la kufanya na orodha ya pili. Mwaka 2022 Tume ilipeleka kwa IEBC majina 241 ya wawaniaji iliyokuwa na shaka nao kuhusu uadilifu, na wengi wao wakaidhinishwa hata hivyo. Mlango wa mahakama na mlango wa IEBC ni migumu kusukuma. Mlango wa mpiga kura hausukumwi, unafunguliwa kwa kupewa habari.

Kwa wenye hospitali watakaoisoma barua hii, na wapo ambao mabango yao tayari yako kwa mchapishaji, ombi ni rahisi zaidi. Hamhitaji kuingoja Tume. Mwenye vitabu safi anaweza kuubandika ukurasa huo kesho asubuhi kwenye mlango wa hospitali yake, kando ya saa za kuwaona wagonjwa. Atakuwa wa kwanza, na wapinzani wake watalazimika kueleza kwa nini wao hawajabandika.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Karatasi moja inatosha, na wino wake usingoje ule wa kidole.